Serikali Inapobadili Nia

Tarehe 10 Mei 1876, jijini Philadelphia, Rais Ulysses Grant na Pedro wa Pili, mfalme wa Brazil, walisimama mbele ya injini ya mvuke yenye kimo cha zaidi ya mita 13, wakafungua vali zake, na mashine zilizojaa jumba zima la maonyesho zikaanza kuzunguka kwa nguvu ya injini hiyo moja. Marekani ilikuwa inatimiza miaka 100. Aliyeiunda injini hiyo alikuwa George Corliss, fundi na mfanyabiashara wa Providence, Rhode Island.

Kampuni ya Corliss inakumbukwa na wanasheria kwa jambo lingine kabisa. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, Wizara ya Jeshi la Majini iliingia nayo mikataba ya kutengeneza mitambo ya meli za kivita. Vita vikaisha mwaka 1865. Meli zilizokuwa zikisubiriwa hazikuhitajika tena, na mitambo ilikuwa karakanani, haijakamilika. Wizara ikaagiza kazi isimame. Pande mbili zikaketi, zikakubaliana kwamba kampuni ikabidhi vitu jinsi vilivyo na ilipwe kiasi kilichoafikiwa. Ilipofika siku ya kulipa, mawakili wa serikali wakapinga mahakamani, wakidai kwamba waziri hakuwa na mamlaka ya kuumaliza mkataba kwa njia ile. Kesi ikasikilizwa na Mahakama ya Juu katika kikao kilichoanza Oktoba 1875. Jaji Stephen Field akaandika kwamba aliyepewa mamlaka ya kuingia mkataba anayo pia mamlaka ya kuusimamisha hali inapobadilika, na ya kumalizana na mkandarasi kwa madai yatokanayo na hatua hiyo.

Kampuni ikashinda. Lakini hoja iliyoipa ushindi ndiyo iliyokuja kuwa nguzo ya serikali dhidi ya wakandarasi waliofuata: kwamba serikali inaweza kuamka siku moja, ikaona mahitaji yamebadilika, na kuuacha mkataba katikati bila kuhesabiwa kuwa imeuvunja. Kwa miaka 150 sasa sheria ya mikataba ya serikali ya Marekani imekuwa ikibishana na hoja hiyo, na bado haijamaliza.

Mnunuzi wa kawaida akivunja mkataba, anashtakiwa na kulipa. Serikali ni mnunuzi wa namna yake. Leo inanunua saruji na viatu kama mfanyabiashara yeyote, kesho inatunga sheria inayoongeza ushuru wa saruji na viatu vilevile. Tena watu wake hubadilika. Uchaguzi unafanyika, chama kingine kinaingia, sera zinageuzwa. Hilo si kosa, maana wananchi hupiga kura ili mambo yabadilike. Ninachoshikilia katika simulizi hii yote ni kwamba gharama ya mabadiliko hayo ni deni la taifa zima lililoyataka, na si haki mzigo umwangukie yule mmoja aliyesaini na serikali iliyotangulia. Sheria ya Marekani imekubali neno hilo mara kadhaa, na mara nyingi zaidi imelikwepa.

Kabla ya mwaka 1855 mwananchi aliyeidai serikali kuu hakuwa na mahakama ya kwenda. Alipeleka ombi katika Kongresi, na wabunge wakapitisha sheria ya kumlipa yeye peke yake, au wasipitishe. Mwaka huo ikaundwa Mahakama ya Madai, ingawa mwanzoni ilikuwa inashauri tu na uamuzi ukarudi kwa wabunge. Abraham Lincoln, katika ujumbe wake kwa Kongresi wa Desemba 1861, vita vikiwa vimepamba moto, alisisitiza kwamba serikali ina wajibu wa kujitendea haki dhidi yake yenyewe sawasawa na inavyoamua kati ya raia na raia. Mwaka 1863 mahakama hiyo ikapewa meno ya kutoa hukumu, na mwaka 1887 sheria iliyoitwa kwa jina la mbunge John Randolph Tucker ikapanua mlango kwa madai ya mikataba. Sheria hiyo ya Tucker tutakutana nayo tena, maana majaji wa mwaka 2025 waliinukuu kana kwamba imepitishwa juzi.

Kuna sheria nyingine ya vita vile inayostahili kukumbukwa. Wafanyabiashara waliliuzia jeshi sare zilizosokotwa kwa makombo ya sufu, zikachanika askari wakiwa safarini. Tarehe 2 Machi 1863 Kongresi ikapitisha Sheria ya Madai ya Uongo: anayeidanganya serikali ili alipwe atarudisha mara mbili na faini juu, na raia yeyote anayejua udanganyifu huo anaweza kufungua kesi kwa niaba ya serikali na kupata fungu lake. Siku hizi fidia ni mara tatu.

Mahakama ya Madai haikuchelewa kukutana na swali gumu. Mtu aitwaye Deming alikuwa na mkataba wa kuwapa chakula askari wa majini. Baada ya kusaini, Kongresi ikapandisha ushuru wa bidhaa kadhaa na kuchapisha fedha za karatasi kugharamia vita. Bei zikapaa, naye akalazimika kuuza kwa bei ya zamani. Akadai kwamba serikali iliyomfunga kwa mkataba ndiyo iliyompandishia gharama. Mwaka 1865 akajibiwa kwamba sheria inayowahusu wote haiwezi kuhesabiwa kuwa uvunjaji wa mkataba wa mmoja. Serikali ina nafsi mbili, wakasema majaji: mtawala na mfanyabiashara. Alichokifanya mtawala hakimlazimu mfanyabiashara kulipa.

Kanuni hiyo iliwekewa muhuri na Mahakama ya Juu mwaka 1925. Horowitz alikuwa amenunua hariri kutoka Idara ya Silaha ya jeshi, masalio ya vita vya kwanza vya dunia, akaahidiwa itasafirishwa upesi. Wakati huo reli zilikuwa bado chini ya serikali kuu. Mamlaka ya reli ikapiga marufuku usafirishaji wa hariri kwa treni za mizigo. Mzigo ukakaa, bei ya hariri ikaporomoka, ulipofika New York akauza kwa hasara. Mkono mmoja wa serikali ulimuuzia, mkono wa pili ukaufungia mzigo njiani, na Jaji Edward Sanford akasema hakuna fidia, kwa kuwa marufuku ile ilikuwa ya wote. Naielewa hofu iliyokuwa nyuma ya hukumu hiyo: kila sheria mpya ingeweza kuzaa maelfu ya madai. Bado namwona yule mfanyabiashara, na sioni kwa nini awe yeye.

Vita vyenyewe vilikuwa vimeleta tatizo kubwa zaidi. Mapigano yalikoma tarehe 11 Novemba 1918, ghafla kuliko wengi walivyotazamia, na viwanda vilikuwa na oda za miezi mingi mbele. Nyingi zilikuwa zimetolewa kwa simu au kwa barua isiyo na sahihi inayotakiwa, kwa kuwa vita havikungoja makaratasi. Mkaguzi wa hesabu za serikali akasema mkataba usiosainiwa ipasavyo si mkataba. Kongresi ikapitisha sheria ya Machi 1919, iliyoitwa Sheria ya Dent, kuruhusu wenye oda hizo walipwe, kwa sharti kwamba walipwe walichotumia na ujira wa haki wa kazi iliyofanyika, na faida waliyotarajia kuipata mbele isihesabiwe. Sharti hilo lilianza kama tiba ya dharura, likabaki.

Likaja kutumika kwa upana usio na mfano baada ya vita vya pili. Kampuni ya Ford ilikuwa na kiwanda huko Willow Run, Michigan, kilichotoa ndege za mabomu 8,685 za aina ya B-24. Ndege ya mwisho ilitoka mwishoni mwa Juni 1945, Ujerumani ikiwa imekwisha kusalimu amri, na wafanyakazi wakaanza kutafuta kazi kwingine. Japani ilipotangaza kusalimu amri mwezi Agosti, simu za maandishi zilienda nchi nzima kuwaambia wenye viwanda wasimamishe kazi. Safari hii serikali ilikuwa imejiandaa. Sheria ya Kumaliza Mikataba ya Julai 1944 ilitaka malipo yawe ya haki na ya haraka, mkandarasi apewe fedha za kujikimu wakati hesabu zinafanywa, na wakandarasi wadogo waliofanya kazi chini ya wakubwa nao wafikiriwe. Katika historia yote ninayoisimulia, sioni mahali ambapo Marekani ilibadili mwelekeo kwa ukubwa ule na kwa uangalifu ule. Waliokuwa madarakani walikumbuka mdororo wa miaka ya 1930, wakajua kwamba kiwanda kinachosubiri malipo ni kiwanda kinachofukuza watu.

Amani iliporudi, kipengele cha kusitisha mkataba kwa maslahi ya serikali hakikurudi ghalani pamoja na bunduki. Kikaingizwa katika kanuni za ununuzi za jeshi, kisha polepole katika ununuzi wa kawaida: majengo, samani, usafi.

Kinavyofanya kazi ni hivi. Barua inakuja kutoka kwa afisa wa mikataba. Inakutaka usimamishe kazi siku iliyotajwa, uache kuagiza vifaa, ufute oda ulizowapa wakandarasi wadogo, uhesabu mali iliyopo na kuilinda. Kisha una mwaka mmoja wa kuandaa hesabu. Utalipwa kazi uliyomaliza, gharama ulizoingia, faida ya kadiri kwa kile ulichofanya, na gharama za kufunga shughuli. Tuseme ulishinda zabuni ya nyumba 100 na umejenga 10. Faida ya zile 90 umeikosa, hata kama ulikataa kazi nyingine kwa ajili yake, hata kama ulinunua mitambo kwa mkopo ukitegemea mradi mzima. Mkandarasi wa barabara wa Dodoma au Nakuru anayejua kukaa na ankara isiyolipwa ataielewa hesabu hii bila kufafanuliwa.

Je, kama mkataba wenyewe hauna kipengele hicho? Jibu lilitoka Louisiana.

Mwaka 1957 jeshi lilitoa mkataba wa nyumba 2,000 za familia za askari katika kambi ya Fort Polk, wa takribani dola milioni 33. Ulikuwa chini ya mpango ulioitwa kwa jina la Seneta Homer Capehart, ambao mjenzi alijenga kwa mikopo iliyodhaminiwa na serikali, na mikopo ikarejeshwa kwa posho za makazi za askari. Mapema mwaka 1958 jeshi likaamua kuifunga kambi. Nyumba 2,000 za familia za askari katika kambi isiyo na askari hazikuwa na maana, na kazi ilikuwa haijafika mbali. Mkataba ukasitishwa.

Wajenzi wakausoma mkataba wao mstari kwa mstari. Kipengele cha kusitisha kwa maslahi ya serikali hakikuwamo. Basi, wakasema, huu ni uvunjaji wa kawaida, na tunadai faida yetu yote, zaidi ya dola milioni 5. Kwa jicho la mtu wa biashara hoja ilikuwa imara. Karatasi ilisainiwa na pande zote mbili, na haikusema walichodai wanajeshi.

Mahakama ya Madai ilitoa uamuzi mwaka 1963, katika kesi inayojulikana kwa jina la G. L. Christian and Associates. Jaji Oscar Davis alisema kanuni za ununuzi za jeshi zilikuwa na nguvu ya sheria, nazo zilitaka kipengele hicho kiwemo. Kwa hiyo kilikuwamo. Hakikuandikwa, wala wahusika hawakukijadili, lakini kisheria kilikuwa ndani ya mkataba tangu siku ya kwanza. Faida iliyotarajiwa ikafutika.

Hukumu hiyo naiona kuwa nzito kuliko nyingine zote za eneo hili. Jambo lenyewe lina mantiki: tusipokubali hivyo, karani mmoja mzembe, au mjanja, angeweza kuinyima serikali haki iliyowekwa kwa ajili ya umma kwa kuacha ukurasa mmoja tu. Lakini angalia kinachotokea upande wa pili. Tangu siku hiyo, anayesaini na serikali ya Marekani anasaini karatasi anayoiona pamoja na nyingine asiyoiona, na ile asiyoiona ina nguvu zaidi. Mkandarasi mkubwa ana mawakili waliozisoma kanuni zote. Fundi mwenye wafanyakazi wanane hana.

Fort Polk yenyewe, nani angedhani, ilifunguliwa tena mwaka 1961 wakati wa mgogoro wa Berlin, ikawa mahali ambapo maelfu ya vijana walifunzwa kabla ya kupelekwa Vietnam. Nyumba zilikuja kuhitajika baada ya yote.

Mahakama iliwahi kujaribu kuweka mpaka. Kampuni moja ndogo ilikuwa na mkataba wa kutunza mazingira ya nyumba za jeshi la majini San Diego, pamoja na kuua wadudu na wanyama waharibifu. Bei yake ya kushughulikia wanyama hao ilikuwa kubwa, dola 500 kwa kuitwa mara moja, na jeshi lilijua hivyo wakati wa zabuni. Baadaye jeshi likawapa kazi hiyo watu wake wenyewe kwa bei nafuu. Mwaka 1982, katika kesi ya Torncello, mahakama ilisema haiwezekani: kama hali haijabadilika, huwezi kuahidi ukijua umejiwekea ruhusa ya kutotimiza, maana hapo hakuna ahadi kabisa. Wakandarasi walifurahi kwa miaka 14. Mwaka 1996 mahakama ya rufaa ikaupunguza mpaka huo, ikarudi kwenye kipimo kigumu zaidi kwao, kinachomtaka mkandarasi athibitishe kwamba serikali ilikuwa na nia mbaya au ilitumia vibaya hiari yake. Kuthibitisha nia mbaya ya ofisi ya serikali ni kazi inayowashinda karibu wote.

Marais nao waligundua mapema kwamba mkataba unaweza kubeba sera ambazo bunge halijapitisha. Mwaka 1941 Philip Randolph, kiongozi wa chama cha wahudumu weusi wa treni, alitishia kuwaongoza watu weusi kwa maelfu kuandamana Washington tarehe 1 Julai, kwa sababu viwanda vya silaha vilivyolipwa kwa kodi ya wote vilikuwa vikiajiri weupe. Siku sita kabla ya maandamano, Franklin Roosevelt akasaini amri namba 8802 ya kukataza ubaguzi katika viwanda hivyo. Maandamano yakaahirishwa. Lyndon Johnson, tarehe 24 Septemba 1965, akasaini amri namba 11246: kila mkandarasi wa serikali kuu asibague, na achukue hatua kuhakikisha waliokuwa wakiachwa nje wanapata nafasi. Kwa kuwa kampuni zenye mikataba ya serikali huajiri takriban mtu mmoja kati ya watano nchini, amri hiyo ilibadilisha sura za ofisi na karakana kwa vizazi viwili. Ilidumu karibu miaka 60, chini ya marais wa vyama vyote viwili.

Tarehe 21 Januari 2025, siku ya pili ya muhula wake wa pili, Donald Trump aliifuta kwa amri namba 14173. Hakuishia kufuta. Alitaka mikataba mipya iwe na kipengele ambacho mkandarasi anathibitisha kwamba haendeshi mipango ya usawa na ujumuishi inayovunja sheria za kupinga ubaguzi, na anakiri kwamba uthibitisho huo ni jambo la msingi katika malipo yake chini ya Sheria ya Madai ya Uongo. Ndiyo ileile ya mwaka 1863, ya sare zilizochanika. Idara iliyokuwa imeundwa kutimiza amri ya Johnson ikawa, ndani ya wiki moja, jambo ambalo kampuni inamuuliza wakili wake kama ni hatari. Mshahara nao ulipita njia hiyohiyo: Joe Biden aliweka kima cha chini cha dola 15 kwa saa kwa wafanyakazi wa wakandarasi kuanzia Januari 2022, na amri yake ikafutwa Machi 2025. Kilichojengwa kwa kalamu ya rais mmoja kinabomolewa kwa kalamu ya mwingine. Hilo Randolph alilijua, ndiyo maana aliendelea kudai sheria ya bunge.

Kuna upande ambao serikali ilibanwa na ikalipa, na kisa chake kinahusu benki.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 taasisi za kuweka akiba na kukopesha nyumba zilikuwa zinaanguka kwa mamia. Zilikopesha zamani kwa riba ndogo, na sasa zililazimika kuwalipa wenye akiba riba kubwa. Mfuko wa serikali wa kuwalinda wenye akiba haukuwa na fedha za kutosha kuzifunga zote. Wasimamizi wakawaendea wenye taasisi zenye afya, wakawaomba wazichukue zilizo mahututi. Glendale Federal ya California iliichukua mwaka 1981 taasisi moja ya Florida ambayo madeni yake yalizidi mali kwa dola milioni 734. Nani mwenye akili angelikubali shimo hilo? Glendale ilikubali kwa sababu ya ahadi: shimo lihesabiwe vitabuni kama mtaji, na lipunguzwe kidogo kidogo kwa miaka 40. Serikali haikutoa hata senti siku hiyo. Ililipa kwa ruhusa ya kihasibu.

Mgogoro ukawa mbaya zaidi, wananchi wakakasirika, na Agosti 1989 George Bush mkubwa akasaini sheria mpya iliyokataza, kwa sehemu kubwa, mtaji wa namna hiyo. Taasisi zilizokuwa zimefuata kila walichoambiwa zikaonekana ghafla hazina mtaji unaotakiwa. Mbili kati ya tatu zilizofikisha kesi Mahakama ya Juu zilikamatwa na wasimamizi. Glendale ilinusurika kwa kutafuta mtaji kwa wawekezaji.

Serikali ilijitetea kwa hoja za Horowitz: hii ni sheria ya wote, mtawala hawezi kufungwa mikono. Hukumu ya kesi ya Winstar ilitoka tarehe 1 Julai 1996, na serikali ikashindwa kwa majaji 7 dhidi ya 2. Jaji David Souter aliitenganisha mikono na mfuko. Hakuna aliyeahidi kwamba Kongresi haitabadili sheria. Kilichoahidiwa ni kwamba sheria ikibadilika, hasara itakuwa ya serikali. Kongresi ilikuwa huru kufanya ilivyoona inafaa kwa taifa, na ilikuwa huru bado. Ilichotakiwa ni kulipa. Humo ndimo ninamoiona haki yote ya jambo hili, na ninatamani majaji wa mwaka 1925 wangaliifikia.

Malipo yenyewe yalichukua miaka. Mwaka 1999 Glendale ilipewa dola milioni 908.9, mahakama ya rufaa ikaifuta hukumu hiyo, na mwaka 2002 ikapewa milioni 381. Kufikia hapo taasisi yenyewe ilikuwa imekwisha kuunganishwa na nyingine, na haki ya kupata sehemu ya fidia ilikuwa inauzwa na kununuliwa katika soko la hisa kama bidhaa.

Deni la nyuklia lina urefu wa kutisha zaidi. Sheria ya 1982 iliahidi kwamba serikali itaanza kuchukua mabaki ya fueli ya nyuklia kutoka kwa kampuni za umeme ifikapo tarehe 31 Januari 1998, na kampuni zikaanza kuchangia sehemu ya kumi ya senti kwa kila uniti ya umeme. Mlima wa Yucca, Nevada, ulichaguliwa mwaka 1987, serikali ya Barack Obama ikauacha, na mabaki yako palepale yalipotoka. Hukumu za mahakama na mapatano yameleta malipo ambayo yamepita dola bilioni 10, yote kutoka mfuko wa hukumu ulioanzishwa mwaka 1956, ambao hauhitaji bunge kupiga kura upya. Wapiga kura wa Nevada walipata walichotaka, na bili ikaenda kwa walipakodi wa nchi nzima, inapostahili kwenda.

Januari 2025 ndipo mambo haya yaliponifikia mimi na wasomaji wangu bila kupitia vitabu. Siku ya kuapishwa, Trump aliagiza misaada ya nje isimamishwe siku 90 ili ikaguliwe. Siku nne baadaye zikaanza kutoka amri za kusimamisha kazi. Tarehe 10 Machi waziri wa mambo ya nje, Marco Rubio, akatangaza kwamba asilimia 83 ya miradi ya USAID, shirika la misaada la Marekani, imefutwa, mikataba 5,200. Shirika lililoundwa na John Kennedy mwaka 1961 likafungwa rasmi tarehe 1 Julai. Kenya na Tanzania wahudumu wa kliniki za Virusi vya Ukimwi, wapimaji, waelimishaji wa vijijini na makarani wa takwimu waliambiwa wabaki nyumbani, wengine bila notisi ya kueleweka. Barua zilizopitia kwa wakandarasi wakubwa wa Marekani zilitaja kipengele kilekile cha maslahi ya serikali, mjukuu wa vita vya 1918.

Kampuni kama DAI na Chemonics, pamoja na mashirika yasiyo ya faida, zilikwenda mahakamani kudai kwanza ankara za kazi iliyokuwa imekwisha kufanyika. Jaji Amir Ali aliagiza walipwe, na tarehe 5 Machi Mahakama ya Juu, kwa kura 5 dhidi ya 4, ikakataa kulizuia agizo lake. Kisha upepo ukageuka. Aprili, katika kesi ya Wizara ya Elimu na jimbo la California, majaji watano walisema kwamba anayelalamikia kufutiwa ruzuku yake huenda kwa kweli anadai fedha za mkataba, na mahali pake ni Mahakama ya Madai, chini ya Sheria ya Tucker ya 1887. Agosti wakasema karibu hivyohivyo juu ya ruzuku za utafiti wa afya. Mahakama hiyo inatoa fedha. Kwa kawaida hairudishi mradi uliokufa.

Na fedha zenyewe hulipwa kwa aliyesaini. Shirika la Kisumu au Mwanza lililofanya kazi chini ya mkandarasi wa Washington halina mkataba na serikali ya Marekani, hivyo haliwezi kuishtaki moja kwa moja. Linapaswa kumdai mkandarasi wake, kwa masharti ya mkataba mdogo kati yao, na mkandarasi aliingize dai hilo ndani ya hesabu zake. Muuguzi aliyeajiriwa na shirika hilo yuko hatua moja zaidi nyuma. Sheria ya Migogoro ya Mikataba ya 1978 inawapa waliosaini miaka sita ya kupeleka madai yao kwa afisa wa mikataba tangu madai yalipozaliwa, kwa hiyo yaliyozaliwa mwanzoni mwa 2025 yanaweza kuwasilishwa hadi mwanzoni mwa 2031. Mashirika ya huku yanayotaka kuwamo katika hesabu hizo yanahitaji kuwa na barua za oda, orodha za mishahara, ankara na taarifa za mali, zote zikiwa na tarehe, kabla mkandarasi mkubwa hajafunga vitabu vyake.